Mstari Alioruka Maren

“Nani kanakili kazi ya mwenzake?” Profesa Halvorson aliuliza, akizilaza tasnifu mbili mezani taratibu, kama nguo zinazosubiri pasi.

Maren alimtazama Corwin. Walikuwa wapenzi kwa miaka mitatu, na Juni walitarajia kufunga ndoa katika kanisa la Kilutheri la kwao. Bibi yake Maren alishamfumia bwana harusi soksi za sufu, za kijivu, zenye mstari mwekundu juu. Corwin alikuwa amezivaa siku hiyo.

“Yangu ilifika Jumatatu,” Corwin alisema. “Yake Jumatano.”

“Corwin!”

“Nimetaja siku tu, mpenzi.”

“Usiniite mpenzi humu ndani.”

Wote wawili walikuwa kwenye darasa la wateule, wale wasiohitimu mpaka wafanye utafiti wao wenyewe. Miezi saba Maren alikaa maktaba akinakili kitabu cha masista wa Zama za Kati, Kilatini kitupu, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama. Mle kalamu ya wino ni marufuku, penseli tu. Daftari likijaa, alimpa Corwin amsaidie kuchapa. Sasa akionekana yeye ndiye mwizi, shahada hana.

Profesa alivaa miwani.

“Ukurasa wa arobaini, nyote mmeruka mstari mmoja, uleule. Watu wawili wanaweza kufika mjini kila mtu kwa njia yake. Lakini hawapotei kona moja, ila mmoja anafuata nyayo za mwenzake. Mliurukaje?”

“Uchovu, Profesa,” Corwin alijibu. “Macho haya.”

“Maren?”

“Ilikuwa siku mama anapasuliwa moyo. Pale mistari miwili inaishia na maneno mkate mzima. Niliinua kichwa kutazama simu. Niliporudi, jicho likashika mkate wa chini.”

Profesa alikitoa kile kitabu cha masista, akakiweka kwenye mto wa kukitunzia, akakifungua akijielekezea yeye, wao wasione.

“Corwin, pembeni mwa mstari huo ngozi ina tundu, limeshonwa. Uzi wake una rangi gani?”

Bomba la kupasha chumba joto likagonga mara mbili.

“Mweusi?”

“Kijani,” Maren alisema kwa sauti ndogo.

Corwin aliinama.

“Baba alishatangazia mtaa mzima kuwa nahitimu, Maren. Mimi sikuwa na hata ukurasa mmoja. Halafu wewe mwenyewe husema, changu ni chako.”

“Chakula, Corwin. Nilisema chakula.”

Profesa alivua miwani. “Corwin, kesho utaeleza mbele ya kamati. Maren, una mpaka Ijumaa kuurudisha mstari huo.”

Asubuhi ya pili Maren alikuwa maktaba, kidole hakina tena pete ya uchumba, penseli mkononi. Simu ikatetemeka, ujumbe wa Corwin.

“Nimeieleza kamati kila kitu. Nisamehe. Soksi za bibi nizirudishe?”

Maren aliangalia dirishani. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vioo.

“Nimekusamehe,” aliandika. “Lakini harusi haipo. Soksi kaa nazo, baridi bado.”

Aliizima simu, akaisukuma mbali. Kisha akaunakili mstari, neno kwa neno, kidole kikifuata chini. Kilatini kile kilisema:

“Na sista anayebaki peke yake chumbani, apewe mkate mzima.”