Sauti Sikioni mwa Katembo

"Chiba ni nani?"

Katembo aliacha kutafuna. Simu yake ilikuwa mezani, katikati ya sahani mbili za ugali na sombe ya majani ya muhogo, na ujumbe umejianika wenyewe kwenye kioo: "Jumanne saa tisa, palepale. Usichelewe tena. Na Fébronie asijue."

"Nakuuliza, Katembo. Huyu Chiba ni nani?"

"Ni mutu wa spare parts, chérie."

"Mtu wa spare parts anaogopa mimi nijue nini?"

"Ni surprise. Ya gari." Akaichukua simu, akaigeuza kifudifudi. "Kula, chakula inapoa."

Fébronie hakula. Harusi ilikuwa wiki sita mbele. Kanisa la Bankstown, mtaa wao huku ughaibuni, limeshatangaza, shela imeshashonwa, na leo bwana harusi anaficha simu kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Siku za kazi Fébronie alihudumia wazee kwenye makao hapo Bankstown. Wikendi alikuwa spotter wa Kivu Racing, timu ya magari ya mbio ya stock car. Spotter ni macho ya dereva. Alisimama juu ya jukwaa na redio mkononi, akamwambia Katembo, dereva wao, nani yuko nyuma, nani anampita kwa ndani, wapi pako wazi. Dereva aliyefungwa mikanda, kofia ngumu kichwani, huona ya mbele, mengine husikia. Kwa miaka mitatu Katembo alisikia sauti ya Fébronie, na mapenzi yao yalianzia kwenye redio hiyo.

Jumanne aliomba ruhusa kazini, akaenda Rooty Hill, kwenye garage ya timu. Alimkuta Ishmael, fundi mkuu, Mkenya wa makamo, amelala chini ya gari.

"Kaka Ishmael, Katembo yuko wapi? Ameniambia anashinda hapa."

Spana ikaacha kulia.

"Alikuwa hapa. Ametoka kiasi."

"Kwenda wapi?"

"Fébro, mambo ya wawili mimi siingilii. Manze, nina gearbox ya kufunga."

Hakutoka hata chini ya gari kumtazama. Fébronie akajua: huyu naye anajua.

Akafungua simu. Yeye na Katembo walikuwa wanaonyeshana mahali walipo tangu walipochumbiana, na Katembo alikuwa amesahau kuzima. Alama yake ilikuwa Campbelltown, karibu na hospitali. Fébronie akapanda treni, akabadilisha nyingine, zaidi ya saa nzima akitazama paa za nyumba bila kuziona.

Aliwaona kutoka ng'ambo ya barabara. Wamekaa kwenye benchi nje ya hospitali, Katembo na mwanamke wa rangi ya maji ya kunde, kitambaa cha kitenge kichwani. Mwanamke alikuwa ameushika uso wa Katembo kwa mikono miwili, ameuinua juu, ameinamia karibu kabisa. Katembo amefumba macho, ametulia kama mtoto.

Akaandika: "Uko wapi?"

Jibu likaja baada ya dakika tatu: "Garage chérie. Mikono yote oil."

Akageuka, akarudi kituoni. Angepiga kelele pale, angeaibika mbele ya yule mwanamke, na Katembo angekuwa na uongo mwingine tayari. Akaamua: Jumamosi ni mbio ya mwisho ya msimu. Timu haina kosa. Atafanya kazi yake, kisha atavua pete.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali na vumbi jekundu limefunika viti vya uwanja wa mbio. Kabla ya kuingia garini Katembo alimshika mkono.

"Mbona baridi hivi leo?"

"Kakimbie, Katembo. Tutaongea."

Mizunguko thelathini. Mpaka wa kumi na nane alikuwa wa pili.

"Kushoto, chérie? Nani iko kushoto?"

"Hakuna mtu. Shuka ndani."

"Na sasa?"

"Bado hakuna."

Zamani aliuliza mara moja moja. Msimu huu aliuliza kila kona, na daima kushoto. Fébronie alidhani ni woga tangu apate ajali mbioni mwezi wa Mei. Simu ikatetemeka mfukoni, namba ngeni. Akaikata. Ikarudi. Ya tatu akapokea, redio sikio moja, simu sikio la pili.

"Wewe ni Fébronie? Naitwa Chibalonza. Katembo ananiita Chiba."

"Umechagua siku, dada. Subiri mbio iishe, utamchukua mzima mzima."

"Nimuchukue wapi? Katembo ni ndugu yangu! Mama zetu ni dada. Nilihamia huku juzi tu kutoka Brisbane. Sikiliza: niko namuona live kwenye Facebook. Alinidanganya eti hakimbii tena. Muzuie!"

"Kwa nini?"

"Jicho yake ya kushoto haioni. Tangu ajali. Ni mimi namusindikiza kwa daktari, namutia dawa kwa jicho. Daktari alisema operesheni haraka na asishike usukani. Kumbe yeye anangojea msimu uishe. Akaniapisha nisikuambie."

Mikono ile miwili usoni. Fébronie akahisi aibu, na nyuma ya aibu, hofu kubwa zaidi ya wivu wote wa wiki nzima.

Akabonyeza redio.

"Katembo, ingia pit kwa mafundi."

"Gari iko sawa! Bado kumi!"

"Ingia. Najua habari ya jicho."

Gari halikupunguza mwendo.

"Fébro, wacha jamaa amalize!" Ilikuwa sauti ya Ishmael redioni, kutoka chini kwa mafundi.

"Kaka Ishmael, nawe ulijua?"

"Aliniomba. Nilikosa nguvu ya kumkatalia."

"Chérie," Katembo akasema, sauti inakatika, "bado kumi tu. Wewe uko jicho yangu. Niambie kushoto."

Gari la bluu lilikuwa limeshaingia upande wake wa ndani, kushoto, bampa kwa mlango, na Katembo alianza kushuka juu yake bila kujua.

"Kushoto! Gari kushoto! Baki juu, baki juu!"

Akarudi juu. Lile la bluu likapita kwa upana wa kiganja.

"Hiyo ndiyo ya mwisho, Katembo. Nikikosea neno moja, mimi ndiye nimekuua. Hukuniuliza kama nataka kuubeba mzigo huo. Nazima redio sasa. Ukinipenda, ingia."

Akaizima, akasimama akishika chuma cha jukwaa. Mzunguko mmoja. Nusu nyingine. Kisha gari la Kivu Racing likapunguza mwendo, likaacha njia, likaingia pit.

Alimkuta ameketi nyuma ya lori la timu, kofia miguuni.

"Nilidhani una mwanamke," Fébronie akasema.

"Najua unakasirika..."

"Hujui. Mwanamke ningemwachia aende na wewe. Lakini ulinifanya nikuongoze kwenye kifo chako huku nacheka redioni."

Katembo akalia.

"Bila gari mimi ni nani, Fébro? Ni Katembo wa warehouse, mutu wa kubeba mizigo."

"Huyo wa warehouse ndiye aliyenichumbia. Jumatatu utaiambia timu yote, mimi nikiwepo. Licence utairudisha mwenyewe. Na harusi haipo mpaka nikuamini tena."

Alifanya yote. Operesheni ilichelewa, jicho lile lilibaki linaona mwanga tu. Ishmael alikuja mara mbili kuomba msamaha, na mara ya pili Fébronie alimkaribisha chai. Chibalonza alikuja kila Jumapili, na ndiye aliyemfunga bibi harusi shela, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mlangoni mwa kanisa.

"Katembo," Fébronie akanong'ona kabla hawajaingia, "kama kuna lingine unalonificha, sema sasa hivi."

Katembo akafikiri.

"Moja tu. Naogopa sana kuoa."

"Hata mimi," akasema Fébronie, akamshika mkono, wakaingia.