Mkwe Wangu na Blanketi la Mayai

Nilimkuta mkwe wangu amepiga magoti mbele ya mashine ya kutotolesha vifaranga, anatoa mayai ya binti yangu na kuyafunga kwenye blanketi.

Ndugu mnaosoma, damu ilinipanda.

"Unayapeleka wapi?"

"Baba, yanapoa. Mashine imekufa."

"Imekufa? Soma skrini."

Joto: thelathini na saba. Safi kabisa.

"Naiona, baba. Ila weka mkono ndani."

Sikuweka. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti. "Njooni muone mwanaume anayemwibia mkewe."

Wapangaji wakajaa.

"Mwizi gani anaiba polepole hivi?" mama wa chumba cha pili akauliza.

Mkwe akainama tu, anafunga mayai...

Sasa niwaambie. Mashine ile inaongozwa na kompyuta ndogo, kibao kimoja kinachoenea kiganjani, na ilikuwa na tabia ya kuganda. Mimi, fundi niliyeokoteza elimu mji huu na ule, asubuhi nikachomeka nyaya za kifaa cha kuchungulia prosesa, yaani ubongo wa kile kibao, nijue inagandia wapi. Ikagoma. Nilikuwa nimesahau waya wa hasi. Nilipouchomeka, ikakubali. Nikaisimamisha prosesa nisome kilichomo ndani.

Furaha ikanizidi. Nikaenda kwa kinyozi kujisifu.

Basi, wapangaji wakiwa wamejaa mlangoni, nikafungua laptopu niliyoiacha imeunganishwa na kifaa kile, niwaonyeshe kwamba mashine ni nzima.

Neno moja lilinisubiri: imesimamishwa.

Na aliyeisimamisha ni mimi... Prosesa ikisimama, hita haiwaki tena, na skrini hubaki na namba yake ya mwisho. Ile thelathini na saba ilikuwa ya asubuhi.

Nikaingiza mkono. Baridi.

Binti akarudi kutoka kazini.

"Kuna nini hapa?"

Nikamsubiri mkwe aseme. Haki alikuwa nayo.

"Umeme ulikatika," akasema. "Baba ndiye aliyewaita watu watusaidie."

Binti akamulika yai kwa tochi ya simu. Mishipa myekundu, na katikati kitu kikajigeuza. Lilikuwa hai, na mengine vilevile.

Ningeweza kunyamaza.

"Mwanangu, umeme haukukatika. Mashine niliisimamisha mimi, nikasahau kuiachia iendelee. Kisha nikamwita mumeo mwizi mbele za watu."

Akamgeukia mumewe. "Alikuita mwizi?"

"Kidogo tu."

Wapendwa, ukisimamisha kitu ili ukichungulie, kiachie kwanza ndipo uondoke. Na tuhuma ukishaitangaza mlangoni, kuirudisha ni mlango kwa mlango. Leo napita kwa wapangaji wote. Mkwe wangu alitaka kunisindikiza, eti nisione haya peke yangu.

Nimemwomba abaki.