Ukurasa wa Mwokaji Mkuu

Kila siku baada ya shule, binti wa mwokaji mkuu alipitia kiwanda kidogo cha mikate alikofanya kazi mama yake. Meneja alikuwa ameagiza kila kazi iandikwe daftarini: atakayeirithi ajue nini, aweze nini. Mama alikuwa mzito wa kuandika, kwa hiyo walikubaliana yeye aseme, binti aandike.

"Mwanangu, leo tuandike habari za kuumuka," alisema mama, mikono imejaa unga.

"Kesho, mama. Nimechoka."

Uchovu gani, na nje wenzake wanamngoja na kamba ya kuruka! Kesho ikazaa kesho. Siku ya kukabidhi daftari, binti alijaza ukurasa peke yake: Awe hodari. Awe na bidii. Awe mwaminifu. Malaika angeajiriwa kwa maneno hayo, ila hata yeye asingejua kuoka mkate.

"Umeandika yote?"

"Yote, mama."

Mama akamwamini. Mwezi uliofuata alishikwa na homa kali, akalazwa siku nne, akafariki.

Baada ya matanga, mama mdogo, aliyekuwa akifunga mikate hapo hapo, alipewa kazi ya dada yake. Mikate ikatoka migumu kama vigae. Wateja wakahama. Meneja akampa daftari, akasema mikate isipokaa sawa kufikia Jumamosi, kiwanda kitafungwa.

Mama mdogo alisoma ukurasa ule, akageuza karatasi kutafuta mengine. Binti alishindwa kuvumilia.

"Nilidanganya, mama mdogo! Alitaka kuniambia, nikaenda kuruka kamba."

"Lia, mwanangu. Hata mimi nalia. Lakini macho yako yalikuwepo. Ulimwona akifanya nini?"

Binti alifumba macho. "Alibonyeza donge kwa kidole. Likirudi haraka, alisema bado. Likirudi polepole na kubakiza kishimo, alipeleka tanurini."

Walijaribu siku mbili. Ijumaa mikate ilitoka laini, wafanyakazi wakapiga vigelegele. Binti alinusa mkate wa mama yake, akaangua kilio upya.

Mama mdogo akamkumbatia. "Kiwanda kimepona, ila mengine mangapi ameondoka nayo, hatutayajua kamwe. Mwenye ujuzi muulize angali hai, mwanangu, na uandike alichosema, hata kama hakipendezi."

Kisha akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya, akampa kalamu.

"Haya, uniulize na mimi."