Mtani Aliyeacha Utani

Jumamosi asubuhi soko la Lindi lilikuwa limefurika, na Stefania alikuwa ameshika kikapu kwa mkono mmoja na nanasi kwa mkono wa pili, akipatana bei na muuzaji kwa Kimwera. Ghafla nanasi likaondoka mkononi. Mwizi mwenyewe hakukimbia. Alikuwa kijana mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi ikanyooka, soksi ndefu mpaka magotini, kofia ya pama kichwani, na nanasi kalibana kwapani kana kwamba amelilima yeye.

"Nimesikia Kimwera," alisema. "Mimi Mngoni. Hili nanasi ni la babu yangu, alilisahau alipokuwa anawafukuza babu zako."

Soko likaangua kicheko, maana hakuna asiyejua habari hiyo. Zamani Wangoni waliwavamia Wamwera, vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani akichukua kitu chako humshtaki. Unamtukana, unacheka, mambo yanaisha. Stefania naye hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alimpima kijana kuanzia pama hadi viatu, akamwambia alidhani Wangoni wa siku hizi wameacha wizi, kumbe wamebadilisha nguo tu.

"Basi njoo tulile pamoja, mke wangu."

"Mume gani mwenye miguu kama michi? Nenda zako."

Kijana akaenda zake, na nanasi akaenda nalo. Stefania akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Angeulizwa angesema ni utani tu, lakini angekuwa anasema uongo, kwa sababu moyo wake ulikuwa unamwenda mbio.

Jumatatu akaanza kazi katika shule ya serikali pembezoni mwa mji, pale nyumba zinapoanza kuachana na madirisha ya madarasa yanatazama ghuba. Mwaka ule Waingereza ndio kwanza wamekubali shule ile ifungue darasa la wasichana, na Stefania alikuwa mwalimu wa kike wa kwanza. Mwalimu Mkuu alipomwingiza chumba cha walimu, nani kasimama dirishani? Kaptula ile ile. Mwalimu Xaveri, akaambiwa, anafundisha hesabu na michezo, kwao Songea.

"Tunajuana," Xaveri akasema bila haya. "Huyu ni mke wangu."

Tangu siku hiyo shule ikapata burudani. Xaveri akimwona Stefania anavuka uwanja humwita mke wangu, naye humjibu palepale: mume gani asiyejua kuchana nywele, mume gani anayeimba kanisani kama mbuzi. Akija na maandazi, Xaveri huiba moja. Xaveri akiweka chaki zake mezani, hazionekani tena. Wanafunzi walikuwa wakijikawiza barazani makusudi ili wasikie. Na Stefania, mtoto wa watu, alianza kuamka kabla ya jogoo kukanda unga, akihakikisha lipo andazi moja kubwa kuliko mengine, la kuibiwa.

Kisha ikaja siku ya kuvuna mihogo ya shule. Walimu walikuwa wamepumzika kivulini mwa mikorosho, wamechoka, mikono ina udongo. Xaveri akamsogelea Stefania, na safari hii hakumwita mke.

"Stefania," alisema kwa sauti ya chini, "nataka nikuoe."

Moyo wa Stefania uliruka. Lakini ataupimaje ukweli wa mtu ambaye amemwita mke kila siku ya Mungu? Akiamini, na kumbe ni mzaha, walimu wale watamcheka mpaka atakapostaafu. Akaogopa. Akashika njia anayoijua.

"Tangu lini Mngoni akaomba?" akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Babu zako walikuwa wanateka."

Walimu wakacheka hadi wakashika mbavu. Xaveri alitabasamu nusu, akaokota jembe lake, akarudi shambani.

Kesho yake alimsalimu, "Habari za asubuhi, Mwalimu Stefania." Keshokutwa hivyo hivyo. Stefania akayaweka maandazi mezani karibu kabisa na mkono wa Xaveri, naye akayapita. Akaiba kalamu ya Xaveri. Xaveri akaomba nyingine ofisini. Yule Stefania aliyekuwa na jibu kwa kila kitu akajikuta anakula andazi kubwa peke yake, na machozi yanamlenga. Amemchoka, alijiambia. Au kapata mwingine.

Hapo hapo zikaja habari kutoka kwao Nyangamara. Klementi, karani wa forodha, amepeleka mshenga kwa mjomba Eusebio, na kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye kumwoza mpwa wake. Mjomba angekuja siku ya michezo ya shule kusikia neno la Stefania, ili ampe mshenga jibu. Klementi alikuwa mtu mwema, hanywi, ana baiskeli. Stefania atamkataa kwa sababu gani? Aseme anamngoja mwanamume ambaye hata andazi lake halitaki?

Siku ya michezo uwanja ulijaa: mistari ya chokaa, ngoma, kanzu nyeupe, kanga za kila rangi. Stefania alivaa gauni la maua ya manjano na kilemba cha rangi hiyo, akawa anapendeza na hana raha. Alimfuata Xaveri penye mstari wa kuanzia mbio, akamuuliza amemkosea nini.

"Hujanikosea kitu, mwalimu," Xaveri akasema, macho yake chini.

Mjomba Eusebio akatokea nyuma yao, mzee mfupi mwenye koti zito na kicheko kirefu. Aliposikia kwamba mwalimu huyu ni Mngoni, uso ulimchanua. Akarukia pama ya Xaveri, akajivika, ikamfunika mpaka masikio.

"Wezi wa kuku nyie," akatangaza. "Leo mmelipa."

Watu wakasogea, wanafunzi wakaacha mstari, kila mmoja akingoja jibu la Xaveri, maana hakuwa na mshindani kwa utani. Xaveri akatia filimbi mfukoni. Akakunja goti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee akabaki mdomo wazi. Mtani hapigiwi goti, na mkwe hataniwi. Mtu huchagua moja. Na kijana yule alikuwa amechagua mbele ya wazazi wa shule nzima.

"Marahaba," mjomba akasema hatimaye, polepole. "Mjomba wa nani mimi?"

"Wa Stefania. Nilimwambia nataka kumwoa, akadhani namtania. Kosa si lake, mimi ndiye niliyemzoesha. Nikaona niache utani, labda ataniamini."

"Na asingekuamini?"

"Ningekuwa nimekosa mke, nimekosa na mtani."

Stefania akayakumbuka yote. Maandazi yale, zile habari za asubuhi, yale macho ya chini. Kumbe muda wote alikuwa akiposwa. Furaha ikamjaa hata akasahau kuona haya. Akavuka mstari wa chokaa, akamshika Xaveri mkono, akamwinua.

"Mjomba," alisema, "Klementi mjibu vizuri, ni mtu mwema. Lakini huyu nimemteka. Safari hii Wamwera ndio tunaoteka."

Mjomba Eusebio akacheka, na uwanja mzima ukacheka naye. Akaikandamiza pama kichwani, akasema kofia haitoki Nyangamara mpaka mshenga aje kuifuata, na aje upesi kwa sababu inamziba macho.

Xaveri akapuliza filimbi, wanafunzi wakachomoka, vumbi likatimka. Akasimama kando ya Stefania, kichwa wazi juani, akitazama mbio asizoziona.

"Mke wangu," akaita taratibu.

Stefania alifungua mdomo kumjibu kama siku zote. Akatafuta michi, akatafuta mbuzi wa kanisani, asipate hata kimoja.

"Abee," akaitika.