Mabomba Manene ya Boila

Aa, hapana, Sharon hakuwa mvivu. Kazi aliipenda huyo! Likizo nzima, akishamaliza kuosha vyombo, huyoo, mbio na binamu yake Jovinary mpaka mwaloni Ilemela, ufukweni boti zinapoegeshwa. Shangazi yao Felicitas, injinia wa meli, alikuwa anafufua boti kuukuu ya mvuke pale. Boila lake ni kama pipa kubwa la chuma, lina mabomba yanayotoka ukuta huu mpaka ule. Moto na moshi vinapita ndani ya mabomba, maji yanayazunguka kwa nje, basi yanachemka.

Siku hiyo shangazi akampa Sharon brashi ndefu ya kusugulia masizi. "Ipitishe ndani ya kila bomba. Brashi ikikwama, piga chaki, fundi Chenge atalikata. Ukifanya vizuri, kesho unapanda boti wa kwanza."

"Sharon! Njoo tuteleze mwambani!" Jovinary akaita. "Au umeolewa na hilo pipa?"

Sharon akachungulia haraka haraka. Mabomba mengine midomo yake ilikuwa myembamba. Akasema moyoni, haya yameziba. Akayapiga chaki, brashi hata haikushika masizi.

"Umepitisha yote?"

"Yote, shangazi."

Chenge akawasha grenda yake ya kukatia chuma. Ngrrr! Sharon akawaza. Akisema, boti ya kesho ndiyo basi tena. Asiposema je?

"Fundi Chenge, ngoja! Sijapitisha hata moja!"

Grenda ikanyamaza. Shangazi akainama, akapapasa bomba moja lenye chaki.

"Hili halijaziba, mwanangu. Chuma chake ni kinene, ndiyo maana tundu ni dogo. Umeona godoro linavyoshonwa katikati lisivimbe? Haya manene yanapitisha moshi kama wenzake, lakini pia yanashika kuta hizi mbili, mvuke usizisukume zikapasuka."

"Mama yangu!" Chenge akashika kichwa. "Huyu mtoto alitaka kunirusha mpaka Ukerewe!"

Wakacheka mpaka machozi. Sharon akafuta chaki, akapitisha brashi bomba moja moja, Jovinary akishika taa. Mabomba yaliyoziba kweli yalikuwa mawili tu, tena yale ya chuma chembamba.

"Na boti, shangazi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kesho atapanda Jovinary kwanza. Wewe wa pili. Kukosea kunasameheka, Sharon. Ila kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya, hiyo inaua watu. Leo umesema mapema, umetuokoa. Haya, nawa hayo masizi!"

Wakanawa, wakasogeza mkeka karibu na sinia la ndizi na sato, na wote wakaketi kula.