Dakika Arobaini za Ganzi

Nyumbani kwetu chupa ya krimu ya kukinga jua hukaa mlangoni, juu ya kabati la viatu, pamoja na kofia. Hakuna kutoka bila kujipaka: shingo, masikio, nyuma ya magoti. Shuleni nako ni hivyo hivyo. Asiye na kofia hachezi, anakaa bandani na watoto wa darasa la kwanza akiwatazama wenzake wakikimbia. Mimi nimekaa pale mara mbili tu, na mara zote mbili rafiki yangu Jorja alipita mbele ya banda makusudi. "Vipi, Tamsin, umeajiriwa chekechea?"

Mama ndiye aliyenifundisha kujipaka krimu, lakini uso wake mwenyewe aliusahau. Ni mwalimu wa kuogelea katika bwawa la mji wetu, Tallow Creek. Kwa miaka kumi na minane amesimama kando ya maji na filimbi shingoni, jua likimpiga kutoka juu na likirudi kumpiga kutoka majini. Akijipaka krimu asubuhi, kufikia saa nne maji yameshaiosha, na watoto ishirini wanamwita kwa pamoja. Shavu lake la kushoto lilikuwa na doa la kahawia, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mwaka huo lilianza kutanuka, na upande mmoja ukaingia weusi.

Mjomba Garth, mdogo wake Mama, alikuwa aoe wakati wa Pasaka. Siku moja alikuja kunywa chai akamtazama usoni.

"Leanne, futa hiyo Vegemite shavuni, utaniharibia picha za harusi."

Vegemite ni kile kitu cheusi tunachopaka kwenye mkate. Mama alicheka akamrushia kitambaa cha vyombo, ila jioni nilimkuta kasimama mbele ya kioo. Kesho yake akasema ataenda mji wa Bundaberg kuliondoa doa kwa leza. Kule kuna nesi mmoja, Kirsty, ambaye huchoma madoa ya jua kwa mwanga wa mashine.

"Kwanza Dakta Pillai alione," Baba akasema kwenye simu. Baba anafanya kazi mgodini, wiki tatu huko na moja nyumbani, kwa hiyo amri zake nyingi hutufikia kwa simu.

Dakta Pillai huja mjini kwetu kila Alhamisi. Nilikuwepo siku hiyo. Alimkagua Mama toka utosini hadi katikati ya vidole vya miguu kwa kioo chake cha kukuzia chenye taa. Kwenye shavu akakaa muda mrefu.

"Naona ni doa la jua," akasema. "Ila nitatuma picha kwa mtaalamu mjini Brisbane aitazame. Ndani ya wiki mbili, nisipokupigia, jua mambo ni shwari. Kafanye leza yako."

Mama akauliza, "Na ukinipigia?"

"Nikikupigia, uje. Na leza usiguse."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Siwezi kusingizia kwamba sikuelewa.

Simu ya Mama hukaa ndani ya kopo la biskuti katika ofisi ya bwawa, maana mwenyewe yuko majini kutwa. Mimi ndiye huipokea nikitoka shule, kisha nampelekea. Jumatatu, siku kumi na moja baada ya kwenda kwa daktari, ililia. Alikuwa Noreen, mama wa mapokezi kule kliniki, anayejua hata majina ya paka wa mji mzima.

"Tamsin, mwanangu, mwambie mama yako aje Alhamisi, saa nne asubuhi. Dakta anamtaka. Usisahau, eh?"

"Sawa," nikasema.

Alhamisi hiyo yalikuwa mashindano ya kuogelea ya wilaya, mwendo wa saa mbili kwa gari. Baba alikuwa mgodini. Mama asingenipeleka, nisingekwenda, na nilikuwa nimejifua toka mwezi wa kumi. Nilisimama na ile simu mkononi. Mama alinitazama kutoka majini, akaniinulia mkono kuuliza kuna nini. Nikatikisa kichwa, nikairudisha simu kwenye kopo.

Nilijiambia nitamwambia Alhamisi jioni. Siku tatu tu, doa halitakimbia.

Mashindanoni nilipata nafasi ya tatu. Mama alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nilivishwa utepe wa kijani, Jorja akanikumbatia, nami sikusikia chochote ndani yangu. Si furaha, si huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake usiku kucha, anauona ni wake lakini haumtii.

Njiani tukasimama kununua chipsi. Mama akainua chupa yake ya soda.

"Leo wiki mbili zimetimia. Dakta hajapiga! Kunywa, mwanangu, mama yako mzima." Pale pale akampigia Kirsty, akapangiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nikanywa. Sasa nisingeweza kusema tu kwamba Noreen alipiga. Ningelazimika kusema nilimficha, na kwa nini. Kila siku iliyopita ililiongeza lile neno uzito. Noreen akapiga tena mara mbili nikiwa sijatoka shule, nikafuta alama za simu hizo kabla Mama hajaziona. Jumanne ikaja barua ya kliniki. Nikaitoa kwenye sanduku, nikaitia ndani ya mfuko wangu wa kuogelea chini ya taulo. Mikono haikunitetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi tukaenda Bundaberg. Nilikuwa na mfuko wangu, maana baadaye tulipanga kupitia ufukweni. Kirsty alimlaza Mama kwenye kitanda cheupe, akachukua fomu.

"Kuna daktari amelikagua hili doa?"

"Amelikagua. Alisema asiponipigia niendelee. Hakupiga."

Kirsty akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Kisha akampaka Mama krimu nene ya ganzi shavuni, akaifunika kwa nailoni. "Dakika arobaini ikolee. Halafu utavaa miwani ya kukinga macho nikuchome, utasikia kama kupigwa na mpira wa kufungia noti." Akatega saa ndogo, akatoka.

Tukabaki wawili. Saa ilikuwa inasema tik, tik.

Baada ya muda Mama akasema, "Hebu nifinye shavu. Sisikii kitu."

Nikamfinya kidogo pembeni ya nailoni.

"Hata! Nguvu zaidi. Lipiza kisasi kwa zile dakika kumi na tano ninazokuamsha mapema kila asubuhi." Akacheka na nusu ya mdomo. Nusu nyingine haikusogea. Kisha akatazama dari.

"Nikuambie kitu? Wiki mbili zile sikulala. Babu yako alianza na doa mgongoni. Alikuwa mkata miwa, nani angemwangalia mgongo? Alipokufa mimi nilikuwa na miaka kama yako. Simu ikilia kule ofisini, moyo unanilipuka. Namaliza kumshika mtoto wa watu majini, nakutazama wewe mlangoni. Nasema, kama ni habari mbaya nitaiona usoni kwa Tamsin. Huyu hajui kunificha. Ukitikisa kichwa, napumua."

Nilikuwa natazama ile saa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Nikainama, nikafungua mfuko, nikaivuta barua chini ya taulo. Ilikuwa imelowa pembeni. Nikaiweka juu ya tumbo lake.

"Walipiga, Mama," nikasema. "Kabla ya mashindano. Mimi ndiye sikukuambia."

Akakaa. Akafungua bahasha, akasoma. Barua yenyewe ilikuwa mistari minne: mtaalamu ana wasiwasi na lile doa, leza isiguswe, Mama aje haraka. Aliisoma muda mrefu kuliko mistari minne. Nilingoja anipigie kelele, ningefurahi angenipigia kelele, lakini akaikunja tu na kuniuliza, "Kwa sababu ya kuogelea?"

"Ndiyo."

Kirsty akaingia akitabasamu. "Haya, tuko tayari?"

"Niletee kitambaa nifute hii," Mama akasema. Maneno yalimtoka yamepinda kwa sababu ya ganzi. "Hatuchomi leo."

Kirsty aliposomewa barua alikaa chini kwenye kiti. "Ningechoma," akasema polepole. "Mungu wangu, ningechoma."

Tukarudi nyumbani. Miwa ilipita kushoto na kulia. Katikati ya njia Mama alisimamisha gari, akampigia Noreen nyumbani kwake. Akasema, "Barua imechelewa kunifika." Hakunitaja. Hapo ndipo machozi yalinitoka kwa mara ya kwanza, nami nikageukia dirishani asinione.

Jumatatu Dakta Pillai alimpokea katika hospitali anayofanyia kazi siku nyingine. Alikata kipande kidogo cha lile doa, kikapelekwa maabara. Majibu yalirudi baada ya siku sita: saratani ya ngozi, aina ile mbaya, ila ilikuwa bado juu juu, haijazama.

Siku hiyo niliomba kusema na daktari mwenyewe. Nikamweleza yote, la simu na la barua. Nilimuuliza, "Ingechomwa kwa leza ingekuwaje?"

Hakunifokea. "Nyie ni watu wa miwa," akasema. "Ukifyeka miwa ukaacha visiki, shamba linakuwaje?"

"Inachipua tena."

"Basi. Leza ingefuta rangi. Mama yako angejitazama kwenye kioo akaona shavu safi, mimi nisingekuwa na alama ya kufuata, na visiki viko chini vinachipua. Leza ni chombo kizuri, naitumia. Lakini doa lenye rangi halichomwi kabla halijajulikana ni doa gani." Akavua miwani yake akaifuta. "Na kuna kosa langu humu. Nilimwambia mama yako kwamba nikinyamaza, ni mzima. Kunyamaza kunaweza kuwa na maana mia. Kuanzia sasa majibu yakija nampigia kila mgonjwa wangu, awe mzima au mgonjwa, na nasema naye mwenyewe."

Mama akapasuliwa akiwa macho, kwa sindano ya ganzi shavuni. Daktari alilikata doa pamoja na ukingo wa ngozi nzima kulizunguka. Ukingo ule ukapimwa maabara. Upande mmoja ulikuwa bado na ugonjwa, akarudi kukatwa tena. Mara ya pili kingo zote zilikuwa safi. Alishonwa nyuzi kumi na saba, kutoka chini ya jicho hadi karibu na taya. Kwa siku kadhaa hakuhisi kitu upande ule, chai ikawa inamchuruzika kidevuni bila habari, nami nikawa namfuta. Nilipika tambi, niliosha vyombo, nililala.

Harusi ikafika. Mpiga picha akamwambia Mama ageuke apigwe upande wa kulia. "Hapana," akasema Mama, "huu ndio upande wangu." Mjomba Garth alitaka kufanya mzaha wa Vegemite kama kawaida yake, akafungua mdomo, akaangua kilio na suti yake mpya. Bibi harusi ndiye aliyembembeleza.

Usiku tuliporudi Mama alivua viatu, akaniita nikae karibu yake.

"Tamsin, nilikukasirikia sana. Bado nina hasira kidogo, sikudanganyi. Ulinificha siku kumi na mbili kwa ajili ya utepe. Lakini zikabaki dakika kumi na moja, ukasema. Ungeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua, hata mimi. Nataka ulishike hili: habari ya mtu ni mali yake, hata kama ni mbaya, hata kama itakuharibia siku yako. Siyo yako kuikalia. Na ukiwa umeshakosea, usiseme muda umepita. Sema hapo hapo ulipo, hata ikibaki dakika moja."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Utepe wako nimeubandika kwenye friji. Uliogelea vizuri, na hilo pia ni kweli."

Miezi ikapita. Kovu lilipokuwa bado jekundu, Dakta Pillai alimpeleka Mama kwa Kirsty, na safari hii leza ikafanya kazi yake ya halali, ikatuliza wekundu. Mama siku hizi ana kofia yenye ukingo mpana kama sinia, na kila saa mbili anapuliza filimbi, watoto wote na mwalimu wao wanatoka majini kupaka krimu upya.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijarudi. Tangu siku ile ya Bundaberg simu ilihama kutoka kwenye kopo la biskuti, Mama akawa anaiweka kwenye mfuko wa plastiki kando ya maji, karibu na mkono wake. Sikulalamika.

Kisha Jumatatu moja nilitoka shule nikaikuta ofisini, ndani ya kopo lake. Sikuigusa. Ililia. Nikatazama nje. Mama alikuwa katikati ya bwawa na mtoto mikononi.

"Unangoja nini?" akaita. "Pokea!"

Alikuwa Noreen. "Tamsin, mwanangu, ni ukaguzi wake wa miezi sita. Mwambie mama yako aje Alhamisi, saa nne..."

Alhamisi hiyo yalikuwa mashindano yangu ya riadha, na Baba alikuwa mgodini. Noreen alikuwa bado anaongea nilipotoka mbio na simu kando ya bwawa, mahali ambapo kukimbia ni marufuku, nikaiweka sikioni kwa Mama.