Waliopinduliwa Ngazi

Ko.

Mara moja tu, usiku, kutoka chini ya ngazi yetu mpya.

Nilijiambia ni mbao zinajinyoosha. Nikavuta shuka, lakini usingizi ulishaniruka.

Ngazi ile ya kupandia vyumbani ilikuwa kuukuu kuliko Mama, na magoti ya Mama yalishagombana nayo. Vidato vyake vililika katikati, kila ubao ukawa na kibonde cha nyayo. Mama alipokwenda kumuuguza shangazi, nikaita fundi: kishikio kipya, taa ndogo za ukutani, vanishi.

"Mbao hizi hazitupwi," fundi alisema akizigonga kwa kucha. "Tunazipindua. Uso uliolika unakwenda chini, uso mzima unakuja juu. Mama yako atadhani umehama nyumba!"

Simu yangu ikalia, nikaweka spika. Mama.

"Mdogo, umekula?"

Fundi alisubiri nikate simu, kisha akacheka. "Mdogo wa nani wewe, na umeniambia umezaliwa peke yako?"

"Muulize mwenyewe. Jina langu huliita watu wa nje tu."

Kesho yake baada ya ule mlio, jioni, Mama akarudi. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akaitazama ngazi iking'aa. Hakutabasamu.

"Vile vibonde viko wapi?"

"Chini. Fundi kazipindua mbao. Hujapapenda?"

Mkoba ukamponyoka.

"Pazuri," akasema, kama anayemeza kidonge bila maji. "Usipande."

"Jamani Mama, nakuchukulia shali tu, kuna baridi."

Nikapanda.

Ko.

Nikasimama katikati ya ngazi. Chini ya unyayo wangu, upande wa pili wa ubao, kitu kilikuwa kimekanyaga.

Nikainua mguu. Nacho kikainua.

Nikaushusha taratibu...

Ko.

Unyayo kwa unyayo, ubao katikati. Kama mtu anayetembea kichwa chini, miguu juu, akinifuata hatua kwa hatua.

Harufu ikapanda kupitia nyufa. Sabuni ya mtoto. Na vumbi lililolowa.

"Mama..."

"Usikimbie," akanong'ona. "Ukikimbia naye atakimbia. Aliwahi kuanguka hapo."

"Nani?"

Mama alitazama sakafu.

"Kila jioni hupanda kwenda kulala. Nilikuwa namsikia, naye hakumsumbua mtu. Sasa mmempindulia njia. Huko aliko, akifika juu hakuna mlango. Ni mbao tupu."

Karibu na kidole changu, skrubu ikaanza kuzunguka.

Polepole. Yenyewe. Ikitoka.

Ikadondoka, ikaruka kidato kwa kidato hadi miguuni kwa Mama. Nikavuta mguu. Haukuja. Kwenye upenyo wa ubao vilichomoza vidole vidogo, vyeupe kwa vumbi, vimenishika kifundo cha mguu. Baridi yake ilinifika kwenye meno.

"Mama, unamjua! Mwite aje kwako!"

"Siwezi."

"Ananivuta!"

"Siwezi, mwanangu." Machozi yalimtiririka hadi kidevuni. "Nikiita, sijui atakuja yupi."

Sikumwelewa. Skrubu nyingine ikaruka. Ubao ukainama upande mmoja, mguu wangu ukazama mpaka gotini, ndani ya giza ambako niliamini kuna stoo ya ndoo na mifagio. Sikugusa ndoo. Sikugusa sakafu. Niligusa nywele.

Nywele za mtoto, zimesukwa.

Zikatikisika, kama anayeinua kichwa kunitazama.

"Mama!"

Mama akapiga yale magoti yake mabovu mbele ya ngazi. Akanyoosha mikono yote miwili, mmoja kwangu, mmoja kwenye giza lililo chini yangu. Akafumba macho. Midomo yake ilitetemeka muda mrefu, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

Kisha akaita.

Lilikuwa jina langu.

Sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nizaliwe. Alilitamka kwa upole, lote, kama jina alilolizoea sana kabla yangu.

Nikafungua kinywa niitike.

Chini yangu, sauti ndogo ikaniwahi.

"Abee, Mama."